Bolti Tatu za Pikapu ya Odera

Kuna harufu moja ambayo sijaweza kuizoea, ingawa nimelala katika miji mingi na kufanya kazi za kila namna. Ni harufu ya maji ya radieta yanapochemka: kutu, mpira uliopata moto, na kitu kama utamu wa sukari iliyoungua. Mwezi uliopita niliinusa kando ya barabara pale Rongo. Lori la miwa lilikuwa limesimama, boneti wazi, na dereva amekaa juu ya jiwe akitafuna muwa aliouchomoa kwenye mzigo wa watu. Wapita njia waliziba pua. Mimi nilisimama, nikasimama mpaka dereva akaniuliza kama namjua. Nikamwambia hapana, naijua hiyo harufu. Alinitazama kama mtu aliyekutana na kichaa mpole, akanikatia kipande cha muwa.

Sasa niwaambie nyinyi nilichoshindwa kumwambia yeye.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari pale Kosele. Gereji yake ilikuwa mabati sita juu ya nguzo za mkalitusi, nyuma ya soko, na sakafu ya udongo uliokunywa oili chafu mpaka ukawa mweusi na mgumu kama lami. Alikuwa ameanza maisha kwa kuchomelea vyuma bila miwani, na macho yake ndiyo yaliyolipia. Vitu vikubwa aliviona vizuri. Vidogo, alivitambua kwa vidole au kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wake wa pekee, na nilijiona mtu muhimu kuliko mwalimu mkuu.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya bolti za hedi, kile kifuniko kizito cha chuma cha juu ya injini. Baba alipofungua injini, mimi nilichukua kadibodi ya sabuni, nikaitoboa matundu kumi kwa mpangilio uleule wa injini, na kila bolti ikaingia kwenye tundu lake ili isipoteze nafasi yake. Kisha niliziosha moja moja kwa mafuta taa na mswaki wa zamani mpaka chuma kikaonekana. Mwisho ndipo kikaja kipimo. Tulikuwa na vipande viwili vya kioo vya kabati lililovunjika. Niliweka kimoja mezani, nikazisimamisha bolti juu yake vichwa chini, nikalaza kioo cha pili juu ya ncha zao. Zikiwa sawa, kioo kilitulia. Kama kuna iliyorefuka, kioo kilicheza, na mwanga ukapita kati yake na zile fupi.

“Inayozidi wenzake ni mgonjwa,” Baba aliniambia siku ya kwanza. “Usiirudishe kwa injini.”

Hakuniambia ugonjwa wenyewe ni nini. Sikuuliza, na hilo ni ajabu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wakahama benchi.

Wateja wengi hawakutaka kusikia habari ya bolti mpya. Walisema chuma ni chuma, hakichoki. Baba hakubishana nao sana. Kanuni yake ilikuwa moja: zote zikilingana, zitarudi kazini; ikizidi hata moja, zote kumi zinabadilishwa au gari linakaa.

Basi Jumanne moja, shule zikiwa zimefungwa, alikuja Odera na pikapu yake ikitoa moshi mweupe nyuma kama jiko la kuni mbichi. Ndugu yake mdogo alikuwa amefia Muhuru Bay, alikofanya biashara ya samaki, na maiti yake ilikuwa mochari ya Migori. Mazishi yangekuwa Jumamosi. Marehemu alikuwa baba yake Akoth, msichana niliyekaa naye dawati moja, na ndiyo maana nyumbani kwetu tulimwita Baba Akoth na mkewe Mama Akoth. Odera alitaka kumleta ndugu yake kwa gari lake mwenyewe. Kumleta kwa gari la kukodi, alisema, ni kama kumtuma mgeni akulilie msiba.

Baba alifungua hedi. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua. Tulienda Oyugis kwa Hassan, muuza spea aliyekuja kutoka pwani akiwa kijana na ambaye sasa alizungumza Dholuo, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi ya walimu wetu. Gasketi alikuwa nayo. Bolti hakuwa nazo. Zingefika kutoka Kisumu Jumatatu. Alimwangalia Baba na kumwambia kwamba gasketi mpya juu ya bolti zilizochoka ni godoro jipya juu ya kitanda kilichovunjika mguu. Baba akacheka, akasema kioo ndicho kitakachoamua.

Odera alikubali. Zikiwa nzima, Ijumaa wangeondoka, wapitie Muhuru Bay kuchukua vitu vya marehemu, kisha Migori. Zikiwa mbovu, angemeza aibu na kukodi gari. Baba angeenda naye kama fundi, na kwa sababu nilimsumbua siku mbili nzima, aliniahidi kwamba mimi pia ningeenda. Nilikuwa sijawahi kuvuka Oyugis. Nilikuwa nimesikia kwamba ukisimama Muhuru Bay unaiona Tanzania. Nilitaka kuona nchi nyingine ina rangi gani.

Jumatano Baba aliipeleka hedi kwa fundi wa mashine ili uso wake usawazishwe, akaniacha na bolti. Niliziosha. Nikazisimamisha juu ya kioo, nikalaza kioo cha pili. Kikacheza.

Nilirudia mara nne. Saba zilikuwa sawa. Tatu, ile ya tatu, ya sita na ya saba, zilizidi wenzao kwa unene wa ukucha wangu. Nilikaa chini. Niliiona safari yangu ikiondoka kwa gari la kukodi. Halafu, juu ya msumari, nikaiona tupa ya Baba.

Naomba mnielewe jinsi nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri vizuri. Ugonjwa wa bolti ni urefu. Baba mwenyewe alisema. Basi ukiondoa urefu, umeondoa ugonjwa. Nilijiona daktari. Niliibana ya kwanza kwenye jiliwa, nikatoa ulimi nje kama nifanyavyo hadi leo nikiwa na kazi ngumu, nikaanza kuisugua ncha. Vumbi la chuma lilinijaa vidoleni, likanuka kama damu. Mchana wote nilisugua na kupima, kusugua na kupima, mpaka kioo kikatulia kama maji ya mtungi.

Zile ncha tatu ziling'aa. Nikazipaka grisi.

Hapo ndipo ninapojikamata kila nikijaribu kujitetea. Kama niliamini nimeziponya, nilizipaka grisi za nini?

Baba aliporudi aliuliza, “Zimelingana?”

“Zimelingana, Baba.”

Alipitisha kiganja juu ya ncha zote kumi, na kiganja hakikumwambia lolote. Tulifunga hedi jioni ileile. Alikaza kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi. Kwenye ile ya saba alisimama. Aliilegeza, akaikaza tena, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

“Hii ni laini mkononi,” alisema. “Awuor, una hakika na kioo chako?”

“Nina hakika.”

Akaendelea na ya nane.

Ijumaa tuliondoka asubuhi. Odera aliendesha, Mama Akoth akakaa katikati, mimi nikabanwa mlangoni. Baba na wanaume wawili walikuwa nyuma. Mama Akoth alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na hakulia njiani. Kila tulipopita mji aliniambia jina lake kabla sijauliza. Muhuru Bay ilininukia kabla sijaiona: omena, dagaa wa ziwa, waliotandazwa juu ya nyavu kuukuu, wakimetameta juani kama mtu amemwaga vipande vya kioo ufukweni kote. Nilimuuliza mwanamume mmoja Tanzania iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye vilima. Vilikuwa vya kijani, kama vya kwetu. Nilimwuliza kama ana hakika, akasema jana ilikuwa palepale.

Katika chumba cha marehemu, Mama Akoth alikunja godoro, akafunga redio kwa shuka, kisha akashika shati lililokuwa msumarini na kuliweka usoni kwa muda mrefu. Alipoliondoa aliniona nikimtazama. Hakukasirika. Aliniletea samaki wa kukaanga, akanifuta mdomo kwa upindo wa leso yake, akasema, “Ukifika, mwambie Akoth umeona ziwa lote kabla yake. Atakuchukia siku mbili tu.”

Nimewahi kupewa vitu vingi na watu wengi. Samaki yule ndiye ninayemkumbuka.

Migori tulichukua jeneza. Pikapu ilipanda milima ya Kisii ikihema, na nikamwona Odera akigonga kioo cha mshale wa joto kwa ukucha, kama mtu anayeweza kuushawishi ushuke. Oyugis jamaa walikuwa wakitusubiri, na wengi walipanda nyuma kumzunguka marehemu, wakiimba. Tukaingia barabara ya Kosele. Kwenye mwinuko wa mwisho, mahali ambapo ungeweza kuyaona mabati ya soko letu, moshi mweupe ulifunika kila kitu, ile harufu ikaja, injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Uimbaji nao ukanyamaza. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Amekataa.”

Kama hamtoki kwetu, niwaeleze. Gari linalomleta marehemu nyumbani likikwama, watu hawatazami injini kwanza. Wanajiuliza marehemu ana neno gani moyoni na nani amemuudhi. Ni jambo zito, na mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pale na kifuniko cha radieta mkononi ndani ya kitambaa, niliamini pamoja na wote. Kwa nini nisiamini? Bolti zangu zilikuwa sawa. Kioo kilikuwa kimetulia.

Odera alishuka, akafuta jasho, akaenda upande wa Mama Akoth.

“Huyu hataki kuingia nyumbani kwako,” alisema. “Alipougua kule ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa na shamba na mtoto, shemeji. Yeye ndiye alisema nisije.”

“Usiniambie mimi. Mwambie yeye.”

Mama Akoth alitazama watu wote mmoja mmoja. Basi akavua viatu, akaviweka pamoja kando ya barabara kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akapiga magoti juu ya changarawe nyuma ya pikapu na kuweka kiganja juu ya jeneza.

“Wuon Akoth,” alianza, baba yake Akoth. Akaomba msamaha kwa siku alizochelewa kupika. Akaomba msamaha kwa kutokuja Muhuru Bay. Kila alipomaliza, Odera alisema bado, na yeye akatafuta kosa lingine. Nilimwona akilitafuta. Alilitafuta kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua hauna kitu.

Mbele, kichwa cha Baba kilikuwa chini ya boneti. Alimimina maji kwa mtungi wa plastiki, kidogo kidogo, akisubiri chuma kipoe. Alikuwa mtu pekee aliyetazama injini. Maneno ya nyuma yote yalimfikia, kwa sababu yalinifikia mimi niliyesimama kando yake. Maji yalimwagika kwenye kiatu chake, akaendelea kumimina. Alipomaliza kujaza alifunga kifuniko na kusema, “Jaribu.”

Odera alijaribu. Ikawaka.

Mngewasikia watu. Walishusha pumzi kwa pamoja, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, wimbo ukaanza upya. Marehemu alikuwa ameombwa akakubali. Mama Akoth aliinuka na vijiwe vimeshika magotini. Sikuona furaha usoni mwake. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini. Gari lilipowaka, lilimtia hatiani. Kama asingekuwa na kosa, kuomba msamaha kungeliwashaje?

Pikapu ilitambaa mpaka nyumbani kwa marehemu, tukazika Jumamosi, na mvua ikaja Jumapili.

Jumatatu bolti mpya zilifika na Baba akafungua hedi tena. Sikuitwa, lakini nilikuwepo. Alizitoa moja moja. Ya tatu aliishika muda mrefu, akaifuta grisi kwa kidole gumba, akaigeuza juani karibu kabisa na jicho. Akafanya hivyo kwa ya sita, na ya saba. Hakunitazama. Zile saba alizitupa kwenye debe la vyuma chakavu, hizo tatu akazitia mfukoni. Nilifikiri amekasirikia bolti.

Toka siku hiyo hakunipa kioo tena. Alivunja vile vipande viwili na kuvitupa chooni. Bolti za hedi hakurudisha tena hata moja katika maisha yake, ziwe ndefu au fupi. Alinunua mpya kila mara, na za zamani alizipinda kwa nyundo kwanza ili asije mtu akazitumia. Wateja waliochukia jambo hilo walihama; waliobaki walimsifu kutoka Kosele hadi Oyugis kwamba ni fundi asiyedanganya. Alikuwa akisikia sifa hizo akiwa ameinama juu ya injini.

Mimi nilikuwa na sifa zangu. Shule ilipofunguliwa, katika darasa letu ni mimi peke yangu niliyekuwa ndani ya gari siku ile, na nilisimulia vizuri. Niliigiza sauti ya Odera. Niliigiza magoti. Watoto walinizunguka kila mapumziko na nikaongeza chumvi ili wasiondoke. Akoth alihamia dawati la nyuma. Sikuwahi kumwambia habari ya ziwa. Katika misiba ya ukoo mama yake hakuitwa tena jikoni. Wanawake walimpokea salamu kwa ncha za vidole. Kabla mahindi hayajakauka walikuwa wameondoka, yeye na Akoth, na watu wakasema mnaona.

Darasa la saba niliacha shule. Nimepika kwenye maeneo ya ujenzi, nimeuza viatu, nimepakia miwa, nimeosha vyombo katika hoteli ambazo sikuruhusiwa kuketi. Palipokuwa na gereji nilipitia kutazama, maana hamu ya kuuliza haikuniacha. Hivyo ndivyo nilivyojikuta Isebania, nikimwuliza fundi mmoja mnene kwa nini bolti iliyorefuka hairudishwi. Ukiisugua ncha ikawa sawa na nyingine, je? Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema bolti ni kama soksi: inavutika na kurudi, ndivyo inavyoshika. Siku ikivutika isirudi, imekwisha. Urefu unakuonyesha tu kwamba imekwisha.

“Soksi ikilegea shingo, dada, ukate vidole ndiyo ishike mguu?”

Nilicheka naye. Nilicheka, kisha nikatembea mpaka kituo cha magari na kuuliza nauli ya kwetu.

Nilirudi Kosele. Baba alikuwa haoni tena chochote, anaketi mlangoni siku nzima akigeuza spana mikononi. Nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini alinyamaza pale barabarani, na kwa nini alinyamaza hata baada ya Jumatatu ile.

“Pale barabarani sikujua. Nilidhani ni mkono wangu,” alisema. “Jumatatu nilijua. Ningesema ni bolti, wangeuliza nani alizipima.”

Akarudi kwenye spana yake. Mpaka leo sijui kama alinilinda mimi au aliyalinda yale mabati sita. Najua tu kwamba pale barabarani, akidhani kosa ni lake, tayari alikuwa amenyamaza.

Nilimkuta Mama Akoth Muhuru Bay, akigeuza omena juu ya wavu kwa fagio la njiti. Alikuwa amezeeka mgongo kabla ya uso. Sikuketi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kioo, tupa, hata grisi. Yeye aliendelea kugeuza samaki. Alitaka kujua kitu kimoja, kama Baba alijua. Nikasema alijua.

Alifika mwisho wa wavu ndipo akasimama.

“Kila jioni namwomba Wuon Akoth msamaha,” alisema. “Miaka yote hii. Na mwenyewe hakuwa hata amenikasirikia.”

Nilitaka aniambie kitu kingine. Tusi lingenitosha. Akainama, akaanza safu ya pili, na mimi nikabaki nimesimama kwenye harufu ya omena, ufukwe uleule nilioutamani mchana mzima nikiwa na tupa mkononi, vilima vya Tanzania vikiwa palepale, rangi ileile. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kitu kikionekana sawa juu ya kioo, kimepona. Watu wazima wa Kosele waliamini hivyohivyo siku gari lilipowaka. Aliyebaki amevutika na asirudi ni yeye peke yake, na hakuna duka, Oyugis wala Kisumu, ambalo ningeweza kumnunulia mpya.